Mwalimu wa Vitabu Vitatu vya Kioo

Mwalimu wetu alikuwa na vitabu vitatu, akaviita maktaba. Nilivihesabu siku ya kwanza nikapata vitatu, nikavihesabu tena wiki iliyofuata, maana neno maktaba lilikuwa kubwa mno kwa mzigo unaoenea kwapani. Vilikuwa vitabu vya watoto wa Kizungu, vyenye picha za rangi, na vyote vilihusu kioo. Cha kwanza kilieleza jinsi kioo kinavyotengenezwa. Cha pili kilikuwa hadithi ya chupa iliyosafiri kutoka kiwandani mpaka mezani kwa mtoto mmoja mwenye soksi. Cha tatu kilihusu dirisha la kanisa lenye vipande vya rangi, na ndani yake alikuwamo paka ambaye mpaka leo sijaelewa alikuwa na kazi gani.

Vilitoka kwa waumini wa ng'ambo, ndani ya sanduku la nguo kuukuu. Nadhani kuna mtu aliwaandikia kwamba shule yetu ya Mbozi, upande wa Igamba, haina kioo hata kimoja dirishani. Wakasikitika, wakatuletea vitabu vya kioo. Madirisha yakabaki matundu mawili, na mvua ikaendelea kuhudhuria masomo kuliko sisi. Hiyo ilikuwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kabla ya kugusa maktaba yake Mwalimu alinawa mikono kwenye beseni, akajifuta kwa leso, kisha akachora mstari sakafuni kwa ncha ya fimbo. Huo ndio mpaka. Kutoka kwenye mstari mpaka kitabuni zilikuwa hatua tatu za mtoto, mbili za Mwalimu. Hakuna aliyeuvuka. Tulisoma vitabu vile miaka miwili na sijui karatasi zake zilinukia nini.

Alikuwa mtu mwembamba, safi, wa sauti ya chini. Watu wakisikia habari za mwalimu mkali hudhani ni mpiga kelele. Huyu hakupaza sauti. Fimbo alikuwa nayo, lakini ilichoka kwa kuchora sakafu kuliko kuchapa. Silaha yake ilikuwa sisi wenyewe. Alijua kulifanya darasa zima limcheke mtu mmoja, na alijua kuliacha liendelee hivyo mpaka huyo mmoja atamani fimbo. Wakati mwingine mtoto huyo aliomba fimbo kwa mdomo wake. Mwalimu alimjibu, "Fimbo ni ya wanaokaribia kuelewa."

Na alikuwa na swali lake moja. Ukijibu kitu ambacho hakukitarajia, anainamisha kichwa, anatazama chini kana kwamba amedondosha sindano, kisha anauliza taratibu, "Nani mwingine anataka kunifundisha?" Hapo darasa linajua kazi imeanza.

Chukua kisa cha mrija. Ndani ya kitabu cha kwanza kulikuwa na picha ya mwanamume amekaa, mashavu yamevimba, ameshika bomba refu mdomoni, na mwisho wa bomba kuna dude jekundu la mviringo. Mwalimu aliinua kitabu juu, akauliza, "Huyu anafanya nini?"

Sasa, mtu yeyote wa huku kwetu aliyewahi kupita nyuma ya nyumba siku ya pombe ya ulezi anajua yule bwana anafanya nini. Chungu kipo, maji ya moto yamemiminwa, mrija uko mdomoni. Tulikuwa darasa la watu ishirini na sita na wote ishirini na sita tulijua. Ila mmoja tu, mwenzetu wa kabila la Wanamwanga, ndiye aliyekuwa na ujinga wa kuinua mkono.

"Mwalimu, anakunywa pombe kwa mlija."

Mwalimu akatazama chini, akaitafuta sindano yake. "Kwa nini?"

"Kwa mlija, Mwalimu."

"Mrija. Sema r."

"Mlija."

"Nani mwingine anataka kunifundisha?"

Tukacheka. Tulicheka sana, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na jibu lile lile mfukoni na alifurahi kuwa hakulitoa. Kumbe yule bwana alikuwa anapuliza kioo cha moto. Kuanzia siku hiyo Mwalimu alimwita yule mwenzetu Mlevi. "Mlevi, futa ubao." "Mlevi, tuongoze katika sala." Jina likatoka shuleni likafika kanisani. Alipotaka kuandikishwa darasa la ubatizo, mzee wa kanisa alilikuta jina hilo midomoni mwa watu, akamrudisha mwaka mzima ili ajirekebishe. Mtoto alikuwa hajawahi kuonja kitu. Mwaka ulipokwisha alikuwa ameanza.

Lakini Mwalimu huyo huyo, ugonjwa wa uti wa mgongo ulipoingia, alimbeba mtoto wa jirani mgongoni kutwa nzima mpaka hospitali ya misheni, kwa miguu, hakuna aliyemtuma. Mtoto akapona. Aliporudi shuleni Mwalimu alimpigisha magoti kwenye changarawe, siku moja kwa kila siku aliyokosa. Mama yake alikuja kumshukuru Mwalimu, akamkuta mwanawe amepiga magoti, akashukuru hivyo hivyo. Nimezigeuza hesabu hizo mara nyingi, ya mgongo na ya changarawe, na kila nikizijumlisha napata mtu tofauti.

Alilima kahawa ya mjane mmoja bila kuambiwa. Alijua majina ya babu zetu wote. Hakuonja pombe, hakukopa, hakuchelewa. Alijua Kiingereza cha kitabuni, na kwa sababu hapakuwa na mwingine anayekijua, kila alichosema kuwa ni Kiingereza kilikuwa Kiingereza. Kasoro yake moja ya mdomo ilikuwa kwamba akikasirika kweli, r yake mwenyewe iligeuka l kama zetu. Hilo nililiona mimi na Rahabu tu, na hatukulicheka mbele za watu.

Rahabu alikuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa wa pili. Nyumba zetu zilipakana, tulitembea pamoja kwenda na kurudi, na njiani alinifanyia hesabu za kugawanya kwa mdomo huku akila hindi bichi. Babu yake alikuwa miongoni mwa wale wayeyushaji chuma wa Kinyiha, wenye matanuru ya udongo marefu kuliko mtu. Siku zetu matanuru yalikuwa yamepoa. Majembe yalitoka dukani kwa Wahindi. Matanuru mengine yalikuwa yamesimama porini, yameota nyasi kichwani, na desturi ilikuwa bado inayalinda. Mwanamke hakaribii tanuru. Hata likiwa limepoa, hata likiwa limebomoka. Wazee walisema chuma kitakataa kutoka, na ukiwauliza chuma gani wakati hakuna anayeyeyusha, walikutazama kama umewatukana.

Kitabu cha kwanza kilisema kioo ni mchanga ulioyeyuka kwa moto mkali. Mwalimu alitutafsiria sentensi hiyo mara nyingi. Na sisi hatukuielewa, kwa sababu ya neno lenyewe. Kioo kwetu kilikuwa kile cha kujitazamia, kinachouzwa na Wahindi, chenye picha ya ua nyuma. Tulidhani kitabu kizima kinaeleza jinsi Wazungu wanavyotengeneza vitu vya kujitazamia, na tulistaajabu watu wa nchi moja wawe na haja ya kujitazama kiasi hicho, mpaka kanisani. Rahabu peke yake ndiye aliyekaa na ile sentensi. Mchanga, moto mkali. Akajiuliza huku kwetu moto mkali ulikuwa wapi.

Jumatatu moja alikuja shuleni amefumbata kitu ndani ya kitambaa. Njiani alinionyesha. Kilikuwa kipande cha ukuta wa tanuru, kutoka ndani kabisa, mahali moto ulipokuwa ukivuma. Upande mmoja ulikuwa udongo mwekundu. Upande wa pili ulikuwa umeyeyuka, mweusi, unang'aa, na pembeni pale palipokuwa pembamba palikuwa na ukijani. Aliniambia nikielekeze juani. Nikaelekeza. Jua likapita ndani yake.

"Umeingia tanuruni?" nikamuuliza.

"Kichwa tu na mkono."

"Babu yako akijua?"

"Babu anajua moto. Hakujua kama ni kioo."

Alipomwonyesha Mwalimu, Mwalimu hakukishika. Akainamisha kichwa. "Hiki ni nini?"

"Ni kioo, Mwalimu."

"Huku kwenu mnakiitaje?"

Rahabu akatazama kitambaa chake, maana alijua jina. Mabaki ya tanuruni yote, yawe yanang'aa au hayang'ai, watu huyaita mavi ya chuma, na jina hilo ni la Kiswahili safi, halina matusi ndani yake mpaka litiwe na mtu.

"Sema mnakiitaje."

"Mavi ya chuma."

"Mavi," akasema Mwalimu, akaacha neno la chuma lianguke. "Nimewafundisha kioo miaka miwili, Rahabu ameniletea mavi. Nani mwingine anataka kunifundisha?"

Tukacheka. Na mimi nilicheka, ambaye jua lilikuwa limepita mbele ya macho yangu. Akamwambia arudi na kipande chake mahali pake, akiweke juu ya meza kikae pale wiki nzima, ili kila atakayeingia aone kazi ya mtu wa kwanza darasani.

Alhamisi akaingia mgeni.

Huyu alikuwa mama wa Kizungu, mmoja wa wale waliotuma vitabu. Alikuwa amefika nchini wiki tatu tu, na Kiswahili chake kilikuwa jambo na asante. Alikuwa akienda kufundisha kwenye shule ya bweni ya wasichana, upande wa Mbeya, na njiani alipita shule za misheni akitafuta wasichana wa kuanza nao. Hayo tuliyajua kwa sababu mchungaji alikuwa ameyatangaza kanisani Jumapili: Bibi atachukua mmoja kutoka kwetu, ana nafasi moja garini. Msichana darasani alikuwa mmoja. Rahabu alikuwa amefua gauni Jumamosi na tena Jumatano, na mama yake alikuwa ameshafunga kitambaa chenye mahindi ya kukaanga ya safari.

Mwalimu alifundisha somo la kioo. Sijawahi kumwona akifundisha vizuri kuliko siku ile. Alinawa mikono, akachora mstari, akafungua vitabu vyote vitatu. Bibi alikaa kwenye kiti pekee na machozi yakamlengalenga kuona vile vitabu vyake. Kisha akasimama, akauvuka mstari bila kujua kama ni mpaka, akatembea kati ya mabenchi. Akafika kwa Rahabu. Akaona kile kitu mezani.

Akakichukua. Akakigeuza. Akakielekeza dirishani.

Hapa lazima niseme nilikuwa najua Kiingereza kiasi gani, maana kila kitu kinasimama hapo. Likizo nilikuwa nakaa kwa mjomba Tunduma, kwenye barabara kuu iendayo Rhodesia, nikiwauzia Wazungu wa magari mayai na kuku. Nilijua maneno ya biashara basi. Nilijua veri gudi. Nilijua nou, yaani hapana. Na nilijua neno ambalo muuzaji hulisubiri kuliko yote, lile analolisema mnunuzi akishamaliza kukunja uso: aiteki. Maana yake nachukua. Likishatoka hilo, kuku si wako tena. Neno la kioo, gilasi, tulilijua darasa zima, na neno la baba, fadha, tulilipata kwenye nyimbo.

Bibi alisema maneno mengi kwa haraka. Gilasi nilisikia mara mbili. Veri gudi mara moja. Kisha akaweka mkono begani kwa Rahabu, akamgeukia Mwalimu, akasema aiteki.

Tukamtazama Mwalimu atufasirie.

Mwalimu akatazama chini. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akainua kichwa na kusema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Bibi anasema amesikitika kuona mtoto wa kike anachezea mavi shuleni. Anasema huyu hafai kuchukuliwa."

Bibi, aliyedhani maneno yake yamefika, akamtazama Rahabu akatabasamu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Ndiyo, ndiyo. Rahabu aliona kwa macho yake. Alimwona Mzungu mwenyewe akithibitisha.

Hakulia. Alisubiri kidogo, labda akidhani kuna sentensi iliyobaki. Kisha akasema, "Asante, Bibi," kwa sababu alilelewa hivyo, akatoka.

Bibi akashangaa, akauliza kitu. Mwalimu akamjibu kwa Kiingereza, kwa upole, na katika majibu yake fadha ilikuwamo mara mbili. Nikaelewa kuwa sasa baba yake Rahabu, ambaye wakati huo alikuwa shambani akipalilia na hajui lolote, amekataa. Bibi akatoka nje, akamkuta Rahabu amesimama ukutani, akampapasa shavu kwa huruma. Rahabu akajifuta lile shavu. Alidhani amekutwa na uchafu.

Gari liliondoka na nafasi yake. Rahabu hakurudi shuleni. Baba yake angeweza kubishana na Mwalimu, lakini angebishanaje na Mzungu aliyetoka ng'ambo akakataa kwa kichwa chake? Juu ya hayo ikajulikana kuwa aliingiza mkono tanuruni, na wazee wakatulia, wakaona sababu ipo. Mwaka wa pili aliozwa Saza, mbele ya Mkwajuni, kwa mtu wa machimbo ya dhahabu. Kazi ya wanawake kule ni kuponda mawe.

Mimi nikawa wa kwanza darasani.

Nilimaliza shule nikahamia Tunduma moja kwa moja. Nilianza na chupa tupu, nikaenda kwenye taa, nikaishia kwenye vioo: vya taa, vya kujitazamia, na hivi vikubwa vya madirisha ambavyo siku hizi kila mtu mwenye kahawa anavitaka. Sikuchagua biashara hiyo kwa ajili ya Mwalimu. Niliichagua kwa sababu ina faida na kwa sababu mnunuzi akivunja njiani hurudi.

Miaka kumi na minane baada ya Alhamisi ile, siku ya soko, Mwalimu aliingia dukani. Alikuwa amestaafu. Mwembamba vile vile, msafi vile vile, koti limeshonwa kiwikoni kwa uzi wa rangi nyingine. Mkononi alikuwa na kijiti chenye vipimo viwili vya dirisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Unauza kioo sasa."

"Nauza."

"Nilikufundisha vizuri."

Nikachukua kijiti, nikapima, nikapima tena. Nikaweka kioo juu ya blanketi. Alisogea karibu kuangalia ninavyokata, na mimi nikawa na kisu cha almasi cha kukatia mkononi na swali mdomoni, nikaona afadhali niulize kabla sijakata, maana mnunuzi ambaye kioo chake hakijakatwa hana haraka.

"Mwalimu, yule Bibi alisema nini siku ile? Yote."

Hakujifanya hajui siku ipi. Alisema kwanza kwa Kiingereza, polepole, kama anasoma. Kisha akatafsiri, na ilikuwa tafsiri nzuri kuliko zote alizowahi kutupa. "Hiki ni kioo. Kioo halisi, kimetengenezwa hapa hapa. Vizuri sana. Mtoto huyu ameona kwa mkono wake kile vitabu vyangu vimeshindwa kumwonyesha mtu. Namchukua."

Nikakiweka kisu juu ya blanketi.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Jumatatu nilisema ni mavi. Alhamisi ningesema ni kioo, Ijumaa ningefundisha nini?" Akakipapasa kwa kidole kijiti chake kilicholala kando ya kioo. "Lakini wewe usiniulize kama mgeni. Wewe ulielewa. Nilikuona kwenye benchi la pili, mdomo umefunguka. Nilikungoja."

"Uliningoja mimi?"

"Wewe. Unadhani pale nilipotazama chini nilikuwa natafuta maneno? Nilikuwa nangoja mkono wako. Ungeinua tu, ungesema, 'Mwalimu, amesema anamchukua,' ningetafsiri sawasawa. Nisingekuwa na njia. Nikasema huyu ni wa pili, anapiga hesabu, nimwache amalize." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ukamaliza. Nikaona umepata jibu ambalo nililipata mimi."

Nilitaka kumwambia nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na umri huo nilikuwa siwezi kudanganywa na dereva yeyote wa barabara ya Rhodesia. Nikakishika kisu tena.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai. Yuko Saza bado. Mumewe alifukiwa na shimo. Anaponda mawe."

"Na anajua?"

"Anajua alichoambiwa."

"Umekaa naye kijiji kimoja mwaka mzima baada ya siku ile. Hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Basi usinilaumu kwa miaka yote kumi na minane. Ya kwangu ni ile Alhamisi." Katika neno la kulaumu hakuna r ya kumponyoka, lakini aliposema "mara moja tu, kijana, mara moja," r yake iligeuka l, ikatoka mala. "Mimi mzee, magoti yangu hayafiki Saza. Yako yanafika. Nenda kamwambie. Au nikatie kioo changu."

Nilikata kioo chake. Kilitoka safi, bila ufa, vipande viwili sawa na kijiti. Nikavifunga kwa magazeti, nikaweka mabua katikati, nikafunga kamba mara mbili. Akalipa bila kuomba apunguziwe, na mimi sikumpunguzia.

Nilimbebea mpaka stendi. Lori la Mbozi lilikuwa limejaa magunia ya mahindi; nikapanda juu mwenyewe, nikamchimbia kioo chake nafasi kati ya magunia mawili laini, mahali ambapo hata barabara ya Vwawa haiwezi kukigusa. Akaniambia asante. Pembeni yake lilisimama lori la Mkwajuni, injini inaunguruma, utingo anapiga bati kwa kiganja akiita watu, Mkwajuni, Saza, nafasi zipo, nafasi zipo. Zilikuwapo tano. Nilizihesabu tena nikapata tano, nikarudi dukani.